Gari Lililochemka Likifuata Ng'ombe

Injini ikichemka, usifungue kifuniko cha rejeta. Naanza na hilo kwa sababu najua kuna mmoja wenu atakayeacha kusoma kabla sijafika mwisho, na afadhali aondoke na hilo kuliko aondoke mikono mitupu. Zima injini, kaa kando ya barabara, kunywa chai, soma tena barua ya mchumba wako. Ngoja. Mimi sikungoja, na ngozi ya mkono wangu wa kushoto, kutoka kiwiko hadi kifundo, inang'aa mpaka leo kama karatasi ya nailoni. Wajukuu huniuliza kama niliunguzwa na uji.

Nyinyi mnaojifunza ufundi siku hizi mnakuja kwangu kuuliza habari za magari yenye kompyuta. Sina la kuwaambia juu ya hizo. Lakini hakuna kompyuta iliyobadilisha jambo moja: ndani ya injini moto na maji hukaa jirani. Hebu simama ufikirie. Petroli inalipuka ndani ya silinda mara nyingi kuliko unavyoweza kuhesabu, moto mkali wa kulainisha chuma, na upande wa pili wa ukuta, pengine unene wa kidole tu, kuna maji yanayopita kimya kimya kubeba ule moto kuupeleka mbele, kwenye rejeta, upepo uuchukue. Nimeshika spana zaidi ya nusu ya maisha yangu na jambo hilo sijalizoea. Kila nikipasua injini, nikaiona mifereji ile midogo ya maji, nahisi kama mtu aliyeingia nyumba ya wenyewe bila kubisha hodi.

Aliyenionyesha mifereji hiyo mara ya kwanza ni fundi Ombati, mwenye gereji niliyofanyia kazi Kisii mjini miaka ya kwanza baada ya uhuru. Ombati alikuwa ameendesha malori ya jeshi huko Burma wakati wa vita vya wazungu, na ufundi aliujifunza kwa kulala chini ya magari huku risasi zikipita juu. Alikuwa Msabato kamili. Ijumaa jua likielekea kushuka alifunga mlango hata kama injini ya mkubwa wa wilaya iko mezani vipande vipande. Alikuwa na bisibisi ndefu yenye mpini wa mbao. Aliisimamisha juu ya injini inayonguruma, akaweka sikio kwenye mpini, akafumba macho, kisha akakuambia ni beringi gani inalia. Sikuwahi kumwona akikosea kwa bisibisi ile.

Na alikuwa na desturi moja niliyoiona ni kupoteza wakati. Gari likiletwa, hakufungua boneti. Alimkalisha mwenye gari kwenye benchi akamwuliza maswali kama daktari. Linaumwa lini? Asubuhi au mchana? Ukipanda au ukishuka? Umebeba nini? Mimi nilikuwa kijana wa miaka ishirini na miwili, mikono inawasha kushika spana, nikawa nasema moyoni: mzee huyu anapiga gumzo na gari liko pale.

Basi siku Sista Kerubo alipofika mara ya kwanza, Ombati alikuwa amekwenda Kisumu kutafuta spea. Nilikuwepo mimi.

Sista Kerubo alikuwa muuguzi na mkunga wa zahanati moja ndogo upande wa Nyansiongo, kule ambako mashamba ya walowezi wa kizungu yalikuwa yamegawiwa watu wetu. Mzungu mmoja alipokuwa akirudi kwao aliwaachia wakulima gari lake, nao wakalitoa kwa zahanati liwe la kubeba wagonjwa. Lilikuwa gari la Wafaransa, refu, lenye viti safu tatu. Safu mbili za nyuma zilikunjwa, godoro likatandikwa. Dereva hakuwepo, kwa hiyo Sista aliendesha mwenyewe. Siku zile mwanamke kushika usukani huku kwetu Gusii ilikuwa habari ya kusimuliwa. Watoto walikimbia kando ya barabara kumtazama, na wanaume walijifanya hawamtazami.

"Sista, lina shida gani?" nikamwuliza, tayari nimeshafungua boneti.

"Linachemka nikitembea nalo polepole," akasema. "Nikifuata ng'ombe. Nikiwa nyuma ya lori la majani chai kwenye matope. Nikipata nafasi nikakimbia, mshale unashuka wenyewe."

Nikacheka kidogo. "Gari haliwezi kuchemka likitembea halafu lipoe likikimbia, Sista. Likikimbia ndipo linafanya kazi zaidi."

"Mimi nakuambia nilichoona."

"Tutaliangalia," nikasema.

Hapo ndipo nilipokosea, na hata spana sikuwa nimeshika.

Niliifungua rejeta, nikaiosha mpaka maji yakatoka meupe. Ilikuwa na kutu kidogo, nikajisifu kwamba nimepata ugonjwa. Nikalikimbiza gari hadi Suneka na kurudi, mshale umetulia katikati kama shemasi kanisani. Nikamrudishia. Baada ya wiki mbili akarudi: limechemka. Nikabadilisha pampu ya maji na kuitoa thamostati, ile valvu ndogo inayozuia maji mpaka yapate joto. Nikalikimbiza Suneka. Limetulia. Akarudi tena. Safari hii Ombati mwenyewe, akiamini nilichomweleza mimi, aliinua kichwa cha injini, akaweka gaskiti mpya, akakilaza kichwa juu ya kioo kuona kama kimepinda. Hakikuwa kimepinda. Tukalikimbiza Suneka. Mnaona tulivyokuwa? Ugonjwa ni wa kutembea, na sisi kila siku tunamkimbiza mgonjwa halafu tunamtangaza mzima.

Mara ya nne Sista hakuja kwa hasira. Ingekuwa hasira ningeiweza. Aliketi kwenye benchi, akavua kiatu kimoja, akakung'uta mchanga.

"Juzi limekufa nyuma ya ng'ombe nikiwa na mama mwenye uchungu," akasema. "Mtoto amezaliwa ghalani kwa mtu, katikati ya magunia ya mahindi. Mzima. Lakini nilikuwa nimemwahidi mama yake kitanda."

Ombati aliketi kando yake. Kisha akauliza, "Nyuma ya ng'ombe? Huwa linachemka wakati gani?"

"Likitembea polepole. Nilimwambia huyu tangu siku ya kwanza."

Ombati akanigeukia. Hakupandisha sauti. Alikuwa mtu wa kushusha sauti akikasirika, mpaka unalazimika kusogea karibu ili ugombezwe vizuri.

"Nyangau," akaniita kwa jina langu, "alikuambia?"

"Aliniambia, fundi."

"Na wewe ukaniambia?"

Nikatikisa kichwa.

"Chukua spana zako na nguo ya kubadilisha. Panda gari la Sista uende naye. Kaa ndani mpaka lichemke ukiliona kwa macho yako. Usirudi kwangu bila jibu."

Nikapelekwa Nyansiongo kama mzigo. Siku mbili nilikaa zahanati, nalala kwenye chumba cha dawa, namsindikiza Sista kila anakokwenda. Kule juu kuna baridi, barabara za mzungu zimenyooka katikati ya mahindi na malisho, na gari likawa linakimbia bila kuzuiwa na kitu. Mshale haukutikisika. Nikaanza kufikiri labda mama huyu hana bahati tu.

Asubuhi ya siku ya tatu aliletwa Moraa kwa mkokoteni wa ng'ombe. Alikuwa mke wa mkulima mmoja wa pale, mimba ya kwanza, na aliyekuja naye ni mama mkwe wake, mzee wa kutoka Manga ambaye sote tulimwita magokoro, yaani nyanya. Sista aliweka mikono tumboni mwa Moraa, akaisogeza polepole, akafumba macho. Nilisimama mlangoni nikashangaa, kwa maana uso ule niliujua. Ulikuwa uso wa Ombati akiwa na bisibisi sikioni.

Akafumbua macho. "Mtoto amekingama tumboni," akaniambia kwa sauti ya chini. "Hatatoka hivyo. Ni kupasuliwa hospitali kubwa, na ni leo, si kesho. Washa gari."

Tulilaza Moraa nyuma, magokoro akapiga magoti kando yake. Sista alishika usukani, mimi kando yake. Sehemu ya kwanza tulikwenda vizuri. Keroka tukaipita. Lakini ilikuwa siku ya soko, na tulipokaribia Masimba barabara ilijaa. Mbele yetu ng'ombe, pengine arobaini, wenye pembe ndefu, wakitembea kama wazee wa baraza. Kushoto mtaro, kulia akina mama wenye vikapu vya ndizi. Hakuna pa kupita. Sista akashuka hadi gia ya kwanza.

Nikatazama mshale. Niliuona ukipanda, vijana, na sikuwahi kuona kitu kikipanda kwa utulivu ule. Hakukuwa na kelele wala harufu. Ulipanda kama mtu anayepanda ngazi za kwake.

"Unaona?" Sista akasema bila kunitazama.

"Naona."

Ukaingia kwenye nyekundu. Mvuke ukafoka kando ya boneti, Sista akaegesha mbele ya kibanda cha chai akazima. Nyuma Moraa alitoa sauti ambayo sijaisahau, si kilio, ni kama mtu anayeinua kitu kizito kisichoinuka. Sauti ile ndiyo iliyonitoa akili. Niliruka, nikafungua boneti, nikakunja kitambaa, nikazungusha kifuniko.

Maji yaliyofungiwa yana subira yake, na ukiyafungulia hayachagui njia. Yalipanda juu yakanishukia mkononi. Nakumbuka niliona ngozi ikibadilika rangi kabla sijasikia maumivu.

Sista alikuwa kando yangu tayari. Alinivuta hadi kwenye mtungi wa maji wa mama mwenye kibanda, akanizamisha mkono mpaka kiwiko.

"Kaa hapo," akasema. "Usiutoe. Wewe utapona. Yule ndiye sijui."

Akarudi kwa Moraa. Nilikaa nimezamisha mkono kwenye mtungi wa watu, watu wa soko wamenizunguka, ng'ombe wanapita zao, na nilikuwa na aibu kubwa kuliko maumivu. Tulingoja injini ipoe. Ulikuwa muda wa kusonga ugali tu, lakini mimi niliuhesabu kwa sauti za Moraa.

Sasa shikeni hili. Injini iliyochemka usiitie maji baridi. Chuma cha moto kikikutana na maji baridi hupasuka, na kichwa cha injini kikipasuka umemaliza safari. Nikamwomba mama wa kibanda maji ya moto.

Alinitazama, akalitazama gari linalotoa mvuke, akanitazama tena. "Gari lako linachemka, na unataka nilichemshie?"

"Tafadhali, mama. Likinywa baridi litapasuka."

Alitafuna maneno yangu kidogo. Kisha akaliinua birika lake kubwa, maji ya chai ya siku nzima ya soko, na wateja wanangoja, akanimiminia mwenyewe kwenye rejeta, taratibu, kama anayemnywesha mtu. Hakuniuliza jina. Mara tatu alilijaza.

Sista akawasha injini. Alitoa leso yake mabegani, akailowesha, akaitandaza mbele ya gari juu ya nyavu za mbele, akisema labda itasaidia kuipoza. Mimi nilikuwa nimeinamia ndani. Nikaona feni inazunguka.

Ilikuwa inazunguka siku zote. Mara nne gari lile lilipokuja gereji niliona feni inazunguka, nikasema feni ni nzima, nikaendelea.

"Nyangau," Sista akaniita kutoka mbele. "Hii feni inavuta nini?"

"Inavuta upepo, Sista. Unapita kwenye rejeta, unapoza maji."

"Basi mbona leso imelala?"

Nikazunguka mbele. Leso ilikuwa imening'inia juu ya nyavu, imelegea, haijatikisika hata ukingo. Feni ikivuta, kitambaa hunata kwenye nyavu kama kimepakwa gundi. Leso ile ilikuwa kama imeanikwa kwenye kamba siku isiyo na upepo.

Nilisimama pale nikahisi nywele zinasimama. Yote yalikuja pamoja. Gari likikimbia, barabara yenyewe hulipa upepo, kwa hiyo linapoa. Likitembea, halina upepo ila ule wa feni. Na feni ilikuwa inazunguka bila kufanya kazi, inaburutwa tu na beringi, kama kibarua anayeshika jembe mwenye shamba akipita, akishapita analiweka chini. Sista alikuwa ameniambia ugonjwa wote kwa sentensi moja, wiki nyingi zilizopita, nikamcheka.

Lakini kwa nini ilegee? Mkanda ulikuwa umekaza. Magari mengi ya wakati ule feni ilifungwa moja kwa moja kwenye puli, lile gurudumu la mkanda, mkanda ukizunguka nayo inazunguka. Nikakumbuka kwamba kwenye droo ya gari kulikuwa na kitabu cha mzungu yule. Kilikuwa cha Kifaransa na hatukuwahi kukifungua, kwa maana hata Kiingereza chenyewe kilitutoa jasho. Nikakitoa, nikapekua kwa mkono mmoja, nikatafuta picha ya feni.

Ilikuwepo. Feni imechorwa kama imepasuliwa katikati, na ndani ya puli kuna waya uliozungushwa, na alama ya umeme. Sumaku. Feni ile haikufungwa kwenye puli. Maji yakipata joto, umeme ulipita, sumaku ikaishika. Yakipoa, ikaiachia. Wafaransa walikuwa wametengeneza feni inayojua wakati wa kufanya kazi na wakati wa kupumzika. Hapo ndipo nilipojua kwamba sumaku haishiki.

Chini ya picha hiyo kulikuwa na nyingine: skrubu tatu usoni mwa feni, spana, na mkono wa mtu, na mishale midogo inayoonyesha kukaza. Maneno sikuyaelewa hata moja. Lakini mkono niliuelewa. Mtu fulani, mbali ng'ambo ya bahari, alikaa mezani akafikiria siku ambayo sumaku itakataa na mwenye gari yuko peke yake barabarani, akamchorea mkono. Sikuwahi kumjua, wala yeye hakuwahi kufikiria Masimba siku ya soko. Nilimwamini kuliko nilivyojiamini mimi.

"Zima injini," nikasema. "Nipeni kama muda wa nyimbo mbili."

Nikakaza skrubu zile zamu kwa zamu, kidogo hii, kidogo ile, isije feni ikakaa upande, mpaka uso wa feni ukabanwa kwenye puli. Mkono wa kushoto ulikuwa umefungwa kitambaa, haukukunjika. Mama wa kibanda alinishikia feni isizunguke, wala hakuuliza anashika nini.

"Washa."

Feni ikanguruma. Leso ya Sista ikarushwa juu ya nyavu ikanata, umbo la kila waya likaonekana kwenye kitambaa. Nilikuwa nimeona leso maelfu maishani, na sijaona nyingine kama ile.

Sista aliing'oa kwa mikono miwili, akaingia. Tukaenda. Tuliwakuta ng'ombe walewale mbele, tukawafuata kwa gia ya kwanza mpaka walipokata kona. Kisha mjini, katikati ya watu na mikokoteni, mwendo wa konokono mpaka lango la hospitali. Sikuondoa macho kwenye mshale. Ulikaa katikati, ukakaa, ukakaa. Nyuma magokoro alikuwa akimwomba Mungu kwa sauti ya chini, "Nyasae, Nyasae," na mimi nisiyejua kuomba kwa kusema nikawa namwitikia kimoyomoyo.

Moraa aliingizwa kupasuliwa. Nilikaa kwenye benchi la nje, mkono umevimba, na sikutaka mtu auangalie kabla sijajua. Jua lilikuwa limepita utosi Sista alipotoka. Alikuwa amechoka mpaka anatembea na ukuta.

"Msichana," akasema. "Wote wawili wapo."

Magokoro alikaa chini palepale sakafuni, akanyoosha miguu kama mtoto, akafunika uso kwa mikono.

"Sasa lete huo mkono," Sista akasema. Alipokuwa akiufunga nikaanza kuomba msamaha, nikizunguka zunguka na maneno.

"Sikusemi," akanikatiza. "Wagonjwa huniambia panapouma, na siku nyingine hata mimi sisikii, kwa sababu nimeshaamua panauma wapi. Kuna mmoja sikumsikia. Huyo sikumfikisha popote." Akafunga fundo. "Wewe una bahati kuliko mimi, omomura, kijana wangu."

Akakusanya vitambaa vyake, akarudi ndani kwa Moraa.

Nilirudi gereji nikamwambia Ombati kila kitu, pamoja na kifuniko. Nilifikiri atasema skrubu zimekazwa, kazi imekwisha. Akatikisa kichwa. Feni ikifungwa hivyo, asubuhi za baridi za Nyansiongo injini haitapata joto lake, na nguvu ya kupanda vilima italiwa. "Kufunga ni kuomba radhi," akasema. "Bado hatujatengeneza."

Kwa kuwa mkono wangu ulikuwa hauwezi, Ombati alikaa yeye mbele ya injini, nami nikasimama kando. Kisha akafanya jambo ambalo hajawahi kufanya.

"Niambie," akasema.

Nikamwambia alegeze skrubu. Nikamwambia apeleke umeme moja kwa moja kutoka betri hadi waya unaoingia kwenye puli. Kimya, feni haikushtuka. Kwa hiyo kasoro si swichi inayopeleka umeme maji yakipata joto, iko mbele yake. Nikamwambia afungue kaboni, kile kijiti cheusi kinachosugua puli ili umeme upite. Aliitoa akaiweka kiganjani. Inapaswa kuwa ndefu kama punje mbili za maharagwe. Iliyobaki ilikuwa ndogo kuliko punje ya mtama, springi inasukuma hewa. Kitu hicho ndicho kilichomzalisha mtu ghalani na kutaka kumwua Moraa. Ombati alikigeuza kwa kucha muda mrefu.

Kaboni ya gari lile ilipatikana Nairobi, na Sista hangeweza kungoja. Tulichukua kaboni ya dainamo ya lori bovu, Ombati akaisugua kwenye msasa, anapima, anasugua, anapima, mpaka ikaingia kwenye tundu lake bila kubanwa wala kucheza. Nafasi kati ya feni na sumaku tuliipima kwa karatasi za unene mmoja. Mkiona gari linachemka, vijana, kumbukeni kuuliza. Likichemka likikimbia, tafuta maji. Likichemka likitembea, tafuta upepo. Si sheria ya Musa, ina vighairi vyake, lakini itaokoa injini nyingi zisizo na hatia zisipasuliwe bure.

Safari hii hatukwenda Suneka. Sista alipokuja tulisubiri siku ya soko, tukalipeleka gari mahali barabara ilipojaa watu na mifugo, tukasimama, boneti wazi, injini inanguruma polepole. Mshale ukaanza kupanda. Feni inaburutwa tu, kivivu. Ombati alikuwa ameweka bisibisi mfukoni. Mshale ukapanda zaidi, ukapita katikati. Sista akainama karibu zaidi.

Tak.

Sauti ndogo, kama ulimi kwenye kaakaa. Na feni iliyokuwa ikizembea ikashikwa, ikapotea machoni, ikawa duara la kijivu, na upepo ukatupiga sote kifuani. Mshale ukasimama, ukafikiri, ukaanza kurudi. Uliposhuka vya kutosha feni ikaachiwa yenyewe, ikarudi kuzembea. Hakuna mtu aliyeigusa.

Ombati alivua kofia. Huyu ni mtu aliyetembea Burma. "Tungoje tena," akasema.

Tukangoja. Mshale ukapanda, tak, ukashuka. Tukangoja mara ya tatu. Watu wa soko walianza kusimama kututazama, wanaume wawili na muuguzi, wameikodolea macho injini isiyokuwa na kasoro yoyote.

"Mabwana, mmeridhika?" Sista akauliza. "Kuna mama ananingoja huko juu."

Ombati akafunga boneti kwa mikono miwili, polepole. Sista aliingia akaondoka. Mbele yake kulikuwa na kundi la ng'ombe, wamejaza barabara nzima, na hakupiga honi. Aliwafuata kwa mwendo wao.

"Maisha yangu yote nimesikiliza injini zinazolia," Ombati akasema. "Sijawahi kusimama kusikiliza iliyo nzima."

Tukabaki pale barabarani, tumetega masikio, mpaka sauti yake ikachanganyika na ya soko tukashindwa kuitofautisha.